Mama Yuko Edani

Kamembe, 27 Februari 2000

Yaya Hamimu,

Kaka yangu, pokea salamu za nyumba nzima, na nyingine peke yake kwa wifi yangu Feza, ambaye natumaini bado anakuvumilia. Sisi wa huku mwili uko salama. Mvua haituonei huruma, maharage yamepanda bei, na mbuzi wa jirani amekula tena kamba yetu ya kuanikia nguo. Jirani anaapa kwamba mbuzi wake hali kamba.

Ujumbe wa fonia, ile redio ya upepo, ulikufikia, najua, kwa hiyo sikupi habari ya kifo, nakupa habari ya namna kilivyokuwa. Baba alirudi kutoka Bugarama Jumamosi ile na magunia yake ya mchele, akayasimamia mpaka yaliposhuka yote, akaomba chai. Akasema kifua kinambana. Chai ilikuwa bado ya moto alipokata roho. Tulimzika kabla ya magharibi. Watu walijaa mpaka barabarani, hata wanunuzi wa mchele ambao walikuwa wakimwita mkaidi walilia.

Mama yuko edani. Tumempa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha dogo. Amevua hereni, amejifunga kitenge cheusi, hapaki hata mafuta ya nywele. Unaijua nyumba yetu: choo kiko mwisho wa ua, na kukifikia ni lazima upite mbele ya vyumba vya wapangaji. Siku hizi wapangaji ni madereva wawili wa barabara ya Ruhwa, watu wazuri, ila wanashinda wamekaa mlangoni bila shati. Basi Mama hatoki mpaka wote wawe wameondoka. Ili asisumbuke, amepunguza maji: kikombe asubuhi, kikombe jioni, basi. Nilimpelekea ndoo yenye kifuniko, akaisukuma kwa mguu.

"Hapa njo fasi minasalaka," aliniambia. "Unataka nisali pembeni ya mikojo?"

Wanawake wa mtaa wanakuja kumtazama na kusema hawajaona eda ya heshima namna hii. Nami nasikia fahari, siwezi kukuficha.

Sikuulizi kwa nini hukuja kwenye matanga ya Baba. Nimeandika tu kwamba sikuulizi.

Mdogo wako,
Zulaikha


Kisangani, 2 Aprili 2000

Kwa Zulaikha binti Masudi,

Asalaam alaykum. Barua yako nimeipata mkononi mwa Muderhwa, yule mfanyabiashara wa Bukavu anayepanda ndege na mizigo yake kuja huku. Yeye ni mtu wa kuaminika, mpe majibu kila mara. Mimi na Feza tuko salama. Duka la vitambaa linakwenda, ingawa hapa Mnyarwanda kama mimi siku hizi anauza bila kuongea sana. Wanajeshi ni wengi mjini na hawapendani.

Mungu amrehemu Baba. Nilisoma Yasini pamoja na jamaa wachache wa msikitini. Kuhusu safari, njia haikuwa nzuri. Tuishie hapo.

Umefanya vizuri juu ya Mama. Miezi minne na siku kumi, kama ilivyoandikwa, asipungukiwe hata na saa moja. Mwanaume asiye wake asimwone. Baba yetu alikuwa mtu wa jina katika Kamembe na jina hilo sasa liko ndani ya chumba hicho. Baba mdogo Nsengiyumva asimamie kila kitu mpaka nitakapokuja.

Feza yuko hapa pembeni ananisukuma mkono. Anasema mtu mzima hawezi kuishi kwa vikombe viwili vya maji, na kwamba mfunge kamba toka mlango wa Mama mpaka chooni, mtundike vitenge, apite nyuma yake bila kuonekana. Baba yake Feza alikuwa fundi cherehani, ndiyo maana kila tatizo kwake dawa yake ni kitambaa. Nimemwambia Mama ametuzaa na kutulea, anajua kunywa maji.

Wasalaam,
Hamimu Masudi


Kamembe, 7 Mei 2000

Yaya,

Salamu, na mwambie Feza nampenda kuliko ninavyokupenda wewe. Pazia lake nililifunga siku ileile niliposoma barua. Mama alipita nyuma yake mara mbili, akacheka, akasema anajiona bibi harusi. Halafu Baba mdogo akaja, akaliangusha. Alisema tunatangazia mtaa mzima kwamba Mama anakwenda chooni. Sasa tumerudi kwenye kungoja madereva.

Watoto wa mtaa wana surua, ila wa kwetu wamepona. Mpunga wa Bugarama unaendelea vizuri, wanasema. Haya, sasa nisikie.

Mama hayuko sawa. Asubuhi anaweza kuwa Mama kabisa, ananiuliza chumvi imebaki kiasi gani. Saa sita mchana ananitazama na kuniita Mukankusi, jina la dada yake, yule aliyeuawa mwaka wa tisini na nne. Anachuna chuna shuka kama anayetoa mawe kwenye mchele, na shuka halina kitu. Juzi alinishika mkono kwa nguvu.

"Batoe bale bantu chini ya kitanda. Beko banatuhesabu."

"Mama, hapana muntu chini ya kitanda."

"Nyamaza, Mukankusi. Batasikia."

Nilipiga magoti, nikaangalia chini ya kitanda, Yaya. Nilijua hakuna mtu, na niliangalia.

Madereva wakicheka uani, anasema ni askari. Chakula anakitema, anasema nimetia kitu. Kisha analala kama gunia, simwamshi hata kwa kumtikisa. Wanawake walewale waliokuwa wakimsifu wanasema vita vimemrudia kichwani, wengine wanasema ni jini aliyeingia mlango ulioachwa wazi na Baba. Mwalimu wa madrasa aliandika kombe, tukaliosha kwa maji, akanywa. Siku ile alikuwa na nafuu kidogo. Tulidhani ni yale maandishi, nami sisemi siyo, lakini lilikuwa bakuli zima la maji.

Nilimwita Mukamazimpaka, muuguzi, yule Mkristo aliyekulia Uvira na kurudi baada ya vita. Alimgusa Mama mgongoni, chini ya mbavu, na Mama akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata wakati wa kutuzaa hakuna aliyesema alipiga kelele.

"Huyu hana wazimu," aliniambia. "Iko mugonjwa mu figo. Mupeleke hospitali leo, si kesho."

Daktari ni mwanaume. Na Mama yuko edani. Baba mdogo amekataa. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa, akasema sheria inamruhusu mgonjwa kutoka, eda au si eda, lakini alisema kwa sauti ndogo, Baba mdogo alipokuwa amesogea. Baba mdogo anasema, "Tungoje neno la Hamimu. Njo mukubwa wa nyumba sasa."

Basi mkubwa wa nyumba, sema neno. Nakuomba useme ndiyo, na useme haraka. Naogopa.

Zulaikha


Kisangani, 28 Mei 2000

Kwa Zulaikha,

Asalaam alaykum. Sisi tupo. Mji hauna amani. Majeshi mawili ya wageni, moja likiwa la nchi yetu, yamechimba mahandaki kila upande, na watu wa hapa wanatutazama sisi kana kwamba tumeyaleta mfukoni. Nafungua duka nusu siku.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mama amefiwa na mume aliyeishi naye tangu yeye ni msichana. Unataka asilie? Unataka asiote ndugu zake? Kamembe nzima ina watu wanaosikia askari wakisikia kicheko, nao hatuwapeleki hospitali. Huzuni ina muda wake, na muda wa Mama umebaki kidogo sana. Mwezi ujao eda inakwisha, ataoga, atavaa nguo zake, atakwenda kwa daktari wa kike, hata Bukavu ikibidi, nitagharamia. Kumtoa sasa, mbele ya mtaa, akisema maneno yale, ni kumfanya kichaa hadharani. Watu hawatasahau.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Mmalize eda. Na kama anaanza kutanga, mfunge mlango kwa nje mpaka atulie, asije akatoka mbele ya wapangaji bila kujifunika.

Feza hasemi nami tangu nilipomsomea barua yako. Alisema tu kwamba Mama ni mgonjwa. Anapika, anaweka sahani, anaondoka. Wanawake mna umoja wenu.

Hamimu


Kamembe, 25 Juni 2000

Yaya Hamimu,

Sijui kama naandika kwa mtu aliye hai. Redio imesema juu ya Kisangani siku sita mfululizo, mabomu mji mzima, na kila nikiifunga Baba mdogo anaifungua. Muderhwa anasema ndege hazishuki. Nampa barua hii aende nayo siku zikishuka. Kama uko hai, salamu. Feza naye, salamu, nasubiri maneno yake.

Barua yako ya hapana ilifika Jumapili. Baba mdogo aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaenda kununua kitasa. Tulifunga mlango kwa nje. Nasema tulifunga, mimi ndiye niliyegeuza ufunguo. Mama alibisha mlango kwa kiganja, polepole, kama mgeni mwenye adabu. "Funguleni, tafazali. Miye minaenda kwetu." Baadaye akawa anabisha kwa kucha. Nilikuwa nampelekea chakula, naye anarudi nyuma ukutani akinikimbia, mama yangu, ananikimbia mimi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata hakubisha. Niliingia nikamkuta sakafuni, midomo imepasuka, nguo imelowa, macho wazi hayaangalii kitu. Harufu yake sikuandikii. Sikumtafuta Baba mdogo. Niliwaita madereva. Ndiyo, wale wasiovaa shati. Walivaa, wakamfunika vizuri kuliko nilivyomfunika mimi, wakamlaza kwenye ngobyi, machela yetu ya kusuka, na kumbeba mabegani mpaka hospitali, mtaa wote ukitazama. Eda ilikuwa imebakiza siku chache. Mungu ataniuliza mimi, wewe usiniulize.

Daktari Munyemana ni mtu wa maneno machache. Alisema mkojo uliozuiliwa umeleta uchafu, uchafu umepanda kwenye figo, figo zimevimba, na ule uvimbe unauwasha moto mwili wote. Nilimwambia hakuwa na homa, nilikuwa namgusa paji la uso kila siku.

"Kwa bazee homa inaweza kukosa mu mwili," alisema. "Inaonekanaka mu kichwa. Alianza kuchanganyikiwa wakati gani?"

Nikamwambia mwezi wa tano mwanzoni. Aliandika, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Walimtia maji ya mshipa na dawa. Siku ya nne aliuliza kwa nini amelazwa na wanawake wasiojistiri. Siku ya tano aliniita Zulaikha. Nililia mpaka Mukamazimpaka akanitoa nje. Hakuna watu chini ya kitanda tena. Hakuna askari. Alikula uji, akasema hauna sukari, nikajua amerudi.

Kisha akasema, "Papa Hamimu iko wapi? Anakujaka kuniangalia ama hapana?"

Nilidhani ananijaribu. Nikamwambia taratibu kwamba Baba tulimzika. Alilia vilevile alivyolia Jumamosi ile ya mwezi wa pili. Kesho yake asubuhi akauliza tena.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Zulaikha


Kamembe, 3 Septemba 2000

Yaya,

Muderhwa anasema alikuona kwa macho yake, umesimama dukani, umekonda, na barua yangu uliipokea. Kwa hiyo uko hai, na kwa hiyo hujibu kwa makusudi. Nashukuru Mungu kwa la kwanza. Feza hajaniandikia hata neno, si kawaida yake. Mwambie kama amenuna kwa sababu ya pazia, nitalitundika upya.

Tuko nyumbani. Mwili wa Mama umepona, anapika mandazi, anawagombeza madereva wavae shati na wanavaa. Lakini sehemu moja haikurudi. Daktari anasema ubongo wa mzee ukiwaka muda mrefu, kuna kinachobaki majivu, huenda kitarudi kidogo, huenda hakitarudi. Kwetu kilichobaki majivu ni kifo cha Baba. Anakumbuka mahari yake, anakumbuka nani aliazima ungo wake mwaka jana. Kwamba mumewe amekufa, hapana.

Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli. Dini inasema ukweli, na wewe ungesema ukweli. Kila nikimwambia anapiga yowe moja, anavua hereni, anatafuta kitenge cheusi, anaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Yuko edani. Hataki kuonekana, hataki maji. Kesho yake amesahau, anatoka, anauliza Papa Hamimu yuko wapi, namwambia, anavua hereni. Amefiwa mara ngapi mwaka huu mama yako? Na kila anaporudi chumbani anaacha maji, na daktari ameniambia figo zile zikivimba tena, hatauona mwezi wa Ramadhani.

Kwa hiyo nimeacha. Akiuliza, nasema Baba amekwenda Bugarama kununua mchele. Anasema, "Ule muzee na muchele wake," anatabasamu, anakunywa maji, anakaa uani kwenye jua.

Baba mdogo anasema ni dhambi. Anasema namnyima maiti haki ya kuombolezwa, na mjane haki ya eda yake, na kwamba Mama ana deni la siku zile zilizokatizwa. Jumatano iliyopita alikuja kumwambia Mama mwenyewe, uso kwa uso, kwa sababu ya dini. Zilipita siku mbili kabla hajanywa maji tena.

Anasema ataendelea mpaka mkubwa wa nyumba aseme. Tumerudi palepale, Yaya. Neno lako ndilo linalofungua mlango au kuufunga. Mara ya kwanza nilikuomba kama mdogo. Sasa sikuombi. Nakuuliza tu utasema nini.

Zulaikha


Kisangani, 19 Oktoba 2000

Zulaikha mdogo wangu,

Asalaam alaykum. Barua zako zote mbili zimefika. Nilikaa kuandika mara nyingi.

Feza amefariki tarehe 6 Juni. Bomu lilianguka uani, karibu na bomba. Alikuwa ametoka kuchota maji, kwa sababu nilikuwa na kiu na nilikuwa naogopa kutoka. Tulikuwa bado hatusemeshani. Nilimzika chini ya dirisha, makaburini hakukupitika.

Sikukuandikia kwa sababu barua yako ilikuwa na Mama ndani yake, nikaona nafasi haitoshi kwa Feza pia. Mwanaume hana eda. Mabomu yaliponyamaza nilifungua duka, watu walikuwa wanatafuta sanda, na mimi ndiye niliyekuwa na kitambaa cheupe. Niliuza chote. Siku hizi nalala kwenye duka. Nasikia mtu akisogeza sahani. Sisemi zaidi.

Barua ya Baba mdogo ni hii iliyokunjwa ndogo. Nimemwandikia kwamba asiingie kwa Mama tena na habari ya kifo, na kwamba deni la siku zile liko juu yangu. Akupe ufunguo wa kile kitasa, uutupe ziwani. Akikasirika, anikasirikie mimi.

Ile nyingine ni ya Mama. Msomee wewe, kwa sauti, akiwa uani. Akisahau, msomee tena.

Hamimu


Kisangani, 19 Oktoba 2000

Kwa Mama yangu Mwavita,

Asalaam alaykum. Ni mimi Hamimu, mtoto wako wa kwanza, yule uliyesema kichwa chake kilitaka kukuua siku ya kumzaa. Mimi ni mzima. Duka linakwenda vizuri. Feza hajambo kabisa, anakusalimia sana. Ametoka uani kuchota maji, ndiyo maana barua ni fupi. Angekuwa hapa angenisukuma mkono niandike na maneno yake. Anasema unywe maji, Mama, unywe mengi, na Zulaikha amekutundikia pazia.

Zulaikha ameniambia Baba yuko Bugarama. Msimu huu mchele ni mwingi na magari ni machache, atachelewa kidogo. Usimngojee na chakula. Wewe kula, ulale.

Akirudi msalimie. Mwambie mwezi wa pili nilitaka kuja, nilifika mpaka uwanja wa ndege na begi langu, nikaona askari wanavyowatoa Wanyarwanda kwenye foleni mmoja mmoja, nikaogopa, nikarudi nyumbani. Zulaikha sijamwambia mpaka leo. Wewe mwambie Baba, Mama, unajua namna ya kumwambia mambo. Mwambie asinikasirikie.

Mwanao,
Hamimu